Shoka, kabari au panga na rungu: kipi cha kuchanjia kuni za kubanikia samaki?

Moto wa kubanikia samaki si moto wa kuivishia maharage. Maharage yanavumilia. Sukuma gogo zima chini ya sufuria, liwake litakavyo, yataiva tu. Mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, havumilii. Moto ukipanda ghafla ngozi inapasuka, mafuta yanadondokea makaa, moshi unakuwa mweusi na samaki anatoka mchungu. Ukizimika katikati, nyama inalainika na kumeguka kwenye wavu. Anachotaka mgebuka ni moto mdogo wa saa nyingi, unaolishwa ukuni mmoja mmoja, na ukuni wenyewe uwe mkavu, mfupi, unene wake kama kifundo cha mkono wa mtu mzima.

Watu wengi wanaoanza kazi hii hapa Kigoma wanatumia fedha zao kwenye tanuri, nyavu na samaki, halafu kuni wanamwachia yeyote mwenye shoka. Wanaletewa mapande manene kama paja, nusu mabichi, hayaingii vizuri kwenye mdomo wa tanuri. Mimi na mama mdogo tumebanika migebuka (jirani zetu wa Bujumbura wanamwita mukeke) kwa muda wa kutosha kushika karibu kila zana inayopatikana hapa, na nyingine tumeziagiza kwa mafundi. Nazilinganisha kwa kazi hii moja tu: kulitoa gogo lilivyo mpaka liwe ukuni wa kubanikia. Kwa kuangusha mti au kujenga banda, hesabu ni nyingine.

Kwa nini kuchanja kabisa

Maji ya mti hutoka kwa wepesi kwenye ncha zilizokatwa na kwenye uso uliopasuliwa. Gome linayazuia. Ukuni mbichi unaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake, na moto safi unataka yashuke chini ya asilimia 20. Gogo la mviringo lenye gome linaweza kukaa chini ya paa mwaka mzima na bado ukilipasua unakuta ndani kuna unyevu. Lichanje vipande vinne au sita, vipange vipitishe upepo, na kiangazi kimoja kinatosha kwa miti mingi.

Huku kwetu kiangazi hicho kinakutana na jambo lingine. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu bila migebuka ni migumu kwa anayebanika, lakini pia ni miezi mitatu ya jua na upepo. Sisi tuliitumia kuchanja. Ziwa lilipofunguliwa kuni zilikuwa zinalia: ukigonganisha mbili zinatoa mlio mkali, mkavu. Ukuni wenye maji hutoa mlio mzito, kama unagonga kiazi.

Ukuni mnene uliolowa hufuka badala ya kuwaka, na moshi wa namna hiyo hubeba lami na kemikali zisizotakiwa kwenye chakula. Umoja wa Ulaya unazipima. Tangu Septemba 2014 samaki wa moshi anayeuzwa huko haruhusiwi kuzidi mikrogramu 2 za benzopireni, mojawapo ya kemikali hizo, kwa kilo, na kabla ya hapo kiwango kilikuwa 5. Tanuri zilizoboreshwa, kama Chorkor iliyopewa jina la mtaa wa wavuvi huko Accra, na ile ya FAO-Thiaroye iliyotokea Senegal, zinasaidia sana. Lakini tanuri haigeuzi ukuni mbichi kuwa mkavu. Na hata kama samaki wako hawatafika Ulaya kamwe, moshi huohuo unaingia kifuani mwa anayegeuza nyavu.

Shoka la msuka

Hili ndilo shoka la nyumbani. Mhunzi analifua kwa springi ya gari bovu: bapa jembamba lenye makali mbele, na nyuma msuka uliochongoka unaopenyezwa kwenye tundu la kichwa cha mpini, kile kilichovimba kama rungu. Ni rahisi kulipata, ni jepesi, na mpini ukivunjika kijana yeyote anachonga mwingine. Kwa kupunguza matawi silioni mpinzani wake.

Kwa kuchanja linachosha. Tatizo ni umbo. Kuchanja ni kutenganisha nyuzi za mti, na anayetenganisha ni unene unaofuata nyuma ya makali. Bapa jembamba linaingia ndani na kukaa huko. Ndipo unapoona kitu ambacho kila mtu hapa amekiona: mtu ananyanyua shoka na gogo lake juu kwa pamoja, analigonga chini tena na tena mpaka liachie. Kila pigo hilo linausukuma msuka ndani ya mpini. Siku moja mama mdogo alikuwa anafanya hivyo na pande la mwembe. Mpini ukapasuka kwa urefu, bapa likageuka likaangukia ubavuni mwa guu lake, umbali wa kidole kimoja kutoka kwenye kifundo. Alikuwa amevaa kandambili.

Kama ndilo pekee ulilonalo, litumie kwa pande fupi na jembamba, piga pembeni mwa gogo badala ya katikati, na likinasa, gonga upande wa pili wa gogo kwa rungu la mti mpaka ufa ufunguke. Usilinyanyue na gogo lake.

Shoka la tundu

Hili la dukani lina kichwa kizima cha chuma chenye tundu la kupitisha mpini, uzito wa kichwa kilo moja na nusu hadi mbili. Linaliacha shoka la msuka mbali. Uzito unafanya kazi badala ya mabega yako, na mashavu yake, zile pande mbili zinazopanuka kuanzia kwenye makali, yanasukuma mti kando. Ukienda kununua, usiishie kujaribu makali kwa kidole, kwa sababu makali utayatia mwenyewe kwa tupa. Liangalie kutoka juu. Lenye mashavu membamba limetengenezwa kukatia, na lenye mashavu yaliyojaa litakuchanjia.

Udhaifu wake ni pale mpini unapokutana na chuma. Mpini wa dukani mara nyingi ni wa mti ambao haujakauka sawasawa. Baada ya mwezi wa kiangazi unasinyaa, kichwa kinaanza kucheza. Tulikuwa na mazoea ya kulitumbukiza shoka kwenye ndoo ya maji usiku ili mti uvimbe. Asubuhi linakuwa imara kabisa, na jua la saa sita linalirudisha palepale. Asubuhi moja kichwa kilichomoka, kikapita juu ya beseni la samaki, kikatua kivulini mahali alipokuwa amekaa mtoto dakika chache kabla. Tangu siku hiyo hakuna kutumbukiza. Tunatoa mpini wote, tunachonga mpya wa mpera mkavu, tunaupasua kidogo juu na kupigilia kabari nyembamba ya mti mgumu ndani ya tundu. Na kila asubuhi kabla ya kuanza, unaligeuza shoka kichwa chini na kulitikisa. Likitoa hata mlio mdogo, linarudi kwa fundi.

Shoka zito la mgongo mnene

Hili ni shoka lililozaliwa kwa kuchanja tu: mbele linafanana na kabari, nyuma lina mgongo bapa kama nyundo, kichwa chake kilo mbili na nusu hadi tatu na nusu. Haliingii ndani sana, kwa hiyo halinasi. Linapiga, gogo linafunguka. Madukani kwetu ni adimu. Letu tulifuliwa.

Nililitamani sana kabla ya kulipata, na sasa nalisifu kwa kiasi. Kwa kijana mwenye nguvu anayechanja magogo mengi yaliyonyooka kwa siku moja, hakuna zana ya haraka kuliko hii. Kwa mtu wa umri wa mama mdogo, mapigo ishirini yanatosha kumkalisha chini. Na kuna hesabu ambayo wengi hawaijui: ukiongeza uzito wa kichwa mara mbili, nguvu ya pigo inaongezeka mara mbili, lakini ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Shoka zito mno linakunyang'anya mwendo. Ndiyo maana mtu mwembamba akishika la kilo mbili anaweza kupasua gogo lililomshinda mwenye la kilo nne. Ukiagiza kwa mhunzi, usizidishe kilo mbili na nusu, hata akikwambia zito ndilo la kiume.

Ndugu walioko Marekani na Kanada, wanaobanika nyama kwenye tanuri za chuma zenye sanduku la moto pembeni, wanazipata kwa urahisi za viwandani. Fiskars X27 ya Kifini, yenye mpini wa sentimeta 91, inajulikana sana huko, na ni nyepesi kuliko hizi za zamani. Mpini wake si wa mti, hivyo hausinyai. Lakini ukivunjika, hakuna fundi wa mtaani atakayekuchongea mwingine.

Kabari na nyundo

Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu, kwa sababu hii ndiyo zana ambayo watu wanaipita bila kuitazama.

Kabari ni kipande cha chuma chenye ncha bapa upande mmoja na kichwa kipana upande wa pili. Unaisimamisha kwenye ufa wa gogo, unaigonga kidogo mpaka isimame yenyewe, unaondoa mkono, kisha unaishushia nyundo. Hakuna kulenga kutoka juu ya kichwa, hakuna chuma chenye makali kinachopita karibu na miguu. Anayekosea anapiga mti. Gogo la mkaratusi ambalo shoka linalikwaruza tu, kabari mbili zinalifungua kwa mapigo kumi: ya kwanza inafungua ufa, ya pili inawekwa mbele kwenye ufa huohuo, ya kwanza inalegea unaitoa na kuisogeza mbele tena. Unasikia nyuzi zikiachana ndani, mlio kama wa kitambaa kinachochanwa polepole, halafu gogo linalala pande mbili.

Ubaya wake ni mwendo. Kwa magogo yaliyonyooka, mwenye shoka zuri atamaliza matatu wewe ukiwa kwenye moja. Na haifai kwa pande dogo. Kabari ya kilo mbili kwenye ukuni mnene kama bakuli ni kupoteza nguvu.

Kuagiza ni rahisi. Mwambie fundi akate kipande cha ekseli ya gari, akifue kiwe na urefu wa sentimeta 20 hivi, uzito kama kilo mbili, ncha yake isiwe nyembamba kama patasi bali inenepe pole pole. Mwambie asikitie maji ya kukikaza upande wa kichwa. Hili la mwisho lisisitize. Chuma kigumu kikigongwa na chuma kigumu kinarusha vipande, na vipande hivyo vinaenda machoni. Kwa sababu hiyohiyo, usigonge mgongo wa shoka kwa nyundo, wala usitumie shoka moja kugongea lingine. Kichwa cha kabari laini kitapondeka na kupanuka kama uyoga baada ya miezi. Kipeleke kikasagwe kwenye grinda mapema, kabla kingo zake hazijaanza kukatika zenyewe. Nyundo ya kilo tatu inatosha. Ile kubwa ya kuvunjia mawe inavutia macho, lakini utaichukia kabla ya adhuhuri.

Kama chuma ni ghali kwa sasa, kabari ya tatu inaweza kuwa ya mti mgumu mkavu. Haiwezi kufungua gogo, lakini inashikilia ufa uliofunguliwa na chuma, na ndiyo kazi ya nusu ya muda wote.

Panga na rungu

Umeshalipasua gogo pande nne au sita. Bado ni nene kwa tanuri. Hapa shoka ni hatari kuliko mahali pengine popote, kwa sababu pande jembamba halisimami peke yake, na mtu anajikuta ameshika pande kwa mkono mmoja na shoka kwa mwingine. Vidole vingi vimepotea hivyo.

Panga linatatua hilo kwa njia ambayo sijui kwa nini haifundishwi kwa kila mtoto. Weka makali ya panga juu ya pande lililosimama, ligonge mgongo wake kwa rungu la mti mpaka lizame, kisha endelea kugonga ile sehemu ya mbele inayotokeza upande wa pili. Panga linashuka na nyuzi, ukuni unaanguka wima, unene uleule uliotaka. Mkono wako uko kwenye mpini muda wote. Hakuna kurusha. Mama mdogo anakaa kwenye kigoda na kufanya kazi hii huku akiangalia moto.

Panga haliwezi kifundo cha mti. Likikutana nacho linapinda au linang'oka kwenye mpini, na panga jembamba la bei ndogo litajikunja hata bila kifundo. Chagua nene, la zamani ikiwezekana, na pande zenye vifundo zitupie jiko la kupikia.

Kishoka cha mkono mmoja nimekitumia pia. Kinafanya kazi hiyohiyo kwa haraka kidogo na kwa hatari zaidi. Sikipendekezi kwa kuni hizi.

Kuna mpango mwingine mzuri wa vipande vidogo. Mwaka 2013 msichana wa miaka 13 huko New Zealand, Ayla Hutchinson, alimwona mama yake amejikata kidole akichanja vijiti vya kuwashia moto. Akageuza mambo: makali yakasimama chini, yameangalia juu ndani ya pete ya chuma, ukuni ukawekwa juu yake na kugongwa kwa nyundo. Sasa kinauzwa kwa jina la Kindling Cracker. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kitu kinachofanya kazi kwa namna hiyo kwa kabari moja, bamba zito la chini na nondo iliyokunjwa mduara. Kwa nyumba yenye watoto wanaosaidia kazi, ningekitafuta kabla ya shoka.

Mti gani, zana gani

Mkaratusi uchanje mbichi, wiki ya kwanza kabisa. Ukiuacha ukauke nyuzi zake zinakazana, na hapo ni kabari tu. Mwembe una nyuzi zilizopindana na panda nyingi. Kata panda zote kwa msumeno kwanza, halafu kabari, kisha panga. Mpera hauna haja ya makeke, matawi yake yana unene unaotakiwa tayari, msumeno wa upinde unatosha, na moshi wake ni mtamu. Myombo una gome la nyuzi ndefu, lile la kutengenezea kamba na mizinga, na nyuzi hizo zinashikilia pande mbili hata baada ya mti kupasuka. Uwe na panga karibu la kuzikata. Mchikichi usihangaike nao, ni nyuzi tupu, haupasuki na hauwaki vizuri. Mnyaa usiuingize kwenye tanuri kabisa, utomvu wake ni sumu. Vivyo hivyo mbao zenye rangi au dawa, hata ukipewa bure.

Na kabla ya zana yoyote, msumeno. Gogo la mita moja linapigana nawe mara nyingi kuliko magogo matatu ya sentimeta 33 yaliyotoka humo. Pima mdomo wa tanuri lako, kata kwa urefu huo, ndipo uchanje.

Ningenunua nini

Kama anayechanja ni wewe mwenyewe, umri umesogea au mgongo unalalamika, na unabanika beseni mbili tatu kwa wiki: kabari mbili za chuma, nyundo ya kilo tatu, panga nene na rungu. Shoka acha. Hivi ndivyo tulivyo nyumbani kwetu sasa, na sijakosa kitu.

Kama una vijana wawili na kuni zinakuja kwa mkokoteni: shoka la tundu la kilo mbili lenye mashavu yaliyojaa, kabari moja kwa yale yanayogoma, na panga la kumalizia. Shoka zito liongeze baadaye kama kazi imekua.

Kama una shoka la msuka na fedha kidogo tu, usinunue shoka lingine. Nunua kabari moja. Tofauti utaiona siku hiyohiyo.

Lililobaki ni gharama ndogo. Gogo pana la kuchanjia juu yake, kimo chake chini ya goti, ili pigo likikosea liishie kwenye mti na si kwenye mguu. Tairi bovu juu ya gogo hilo, vipande visimame humo ndani visiruke, usiiname kuokota kila pigo. Viatu vilivyofunikwa, gambuti zinatosha. Miwani ya fundi kwa anayegonga kabari. Tupa moja ya kunolea, na kinoo cha panga. Mama mdogo ameongeza kamba aliyoikata kwa urefu wa mdomo wa tanuri, imefungwa kwenye nguzo ya banda, na kila anayeleta kuni anapimiwa hapohapo kabla hajalipwa.